Ulaya kwa Treni na Familia: Namna ya Kupanga Safari ya Nchi Nne

Anayetaka kuwapeleka wanawe Ulaya kwa kawaida huanza na orodha ya miji: Amsterdam, Paris, Barcelona, Roma na, siku zikiruhusu, Vienna. Ramani humdanganya, maana juu ya karatasi miji hiyo imekaa karibu karibu kama vituo vya daladala. Kumbe kutoka Amsterdam hadi Barcelona kwa treni ni kazi ya siku nzima, tena kwa kubadilisha treni njiani. Kijana mwenye begi moja mgongoni ataimudu. Familia yenye mtoto wa miaka minne, masanduku matatu na bibi mwenye maumivu ya magoti itafika imegombana.

Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti: kwanza mtazame yule anayechoka mapema zaidi kati yenu, kisha chagueni njia inayomfaa, kisha viza, na tiketi mwisho. Kwa mfano tutatumia njia moja ya wiki mbili: Brussels, Köln, Berlin, Praha na Vienna. Ni nchi nne (Ubelgiji, Ujerumani, Ucheki na Austria), zote ndani ya eneo la Schengen, na miji yote mitano inaunganishwa na treni za moja kwa moja.

Pimeni safari kwa anayechoka mapema

Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, kanuni nne zinatosha. Siku moja, treni moja ndefu. Safari isizidi saa nne na nusu hivi. Kila mji ulalwe angalau usiku mbili, na mji mkubwa usiku tatu au zaidi. Treni isiondoke kabla ya saa tatu asubuhi, ili watoto waamke, wale na waende chooni bila kufukuzwa.

Kanuni hizo zitafuta miji fulani kwenye orodha yenu, na ndiyo kazi yake. Kila mnapohama mnapoteza karibu siku nzima hata kama treni yenyewe ni ya saa mbili, kwa kuwa kuna kufunga mizigo, kutoka hotelini, kusubiri, kusafiri, kutafuta hoteli mpya na kungoja chumba, ambacho mara nyingi hakitolewi kabla ya saa tisa alasiri. Miji minane kwa wiki mbili ni siku saba za kubeba masanduku.

Katika kutaja saa pana jambo linalowapata hasa wasemaji wa Kiswahili. Ratiba za Ulaya hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Treni ya 09:10 ni ya saa tatu na dakika kumi asubuhi, na ya 15:10 ni ya saa tisa na dakika kumi alasiri. Bibi akiambiwa kwa mdomo "treni ni saa tisa" huku tiketi ikisoma 09:10, mtaachwa. Kubalianeni tangu nyumbani kwamba saa za treni zitatajwa kama zilivyoandikwa.

Njia ya mfano: usiku 15

*Brussels, usiku 3.* Brussels Airlines huruka moja kwa moja kutoka Kigali, Entebbe, Bujumbura na Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Zaventem una stesheni chini ya jengo lenyewe. Makumbusho ya Sayansi Asilia yana mifupa ya dinosaria aina ya iguanodon waliochimbuliwa mwaka 1878 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bernissart. Kwa chakula cha nyumbani nendeni Matonge, mtaa wa Wakongo ulioko Ixelles. Wenye watoto wakubwa wanaweza kwenda Tervuren, kwenye Makumbusho ya Afrika yaliyofunguliwa upya mwishoni mwa 2018. Vitu vingi vilivyomo vilitolewa Congo wakati wa ukoloni, kwa hiyo zungumzeni na watoto kabla ya kuingia.

*Köln, usiku 2.* Kutoka Brussels ni chini kidogo ya saa mbili. Kanisa kuu lenye minara ya mita 157 limesimama mlangoni pa stesheni. Ujenzi wake ulianza 1248 na kukamilika 1880. Kupanda mnarani ni ngazi 533 bila lifti, basi bibi abaki chini na chai yake. Makumbusho ya chokoleti kando ya mto Rhine huwafurahisha watoto wa umri wote.

*Berlin, usiku 4.* Treni ya ICE kutoka Köln huchukua zaidi kidogo ya saa nne. Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, ambayo si mbali na stesheni kuu, amesimama mnyama ambaye kila mtoto wa Kitanzania angepaswa kumwona: mifupa ya dinosaria wa mita 13.27 kwenda juu, aliyechimbuliwa Tendaguru mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913. Wenyeji ndio waliochimba na kubeba mizigo hiyo hadi bandarini, na zaidi ya tani 200 za visukuku na mawe zikasafirishwa Ujerumani. Huko huko Berlin, mtaani Neukölln, kuna barabara iliyopewa mwaka 2021 jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia serikalini. Awali ilibeba jina la Wissmann, ofisa wa ukoloni wa Kijerumani.

*Praha, usiku 3.* Kutoka Berlin ni saa nne na kitu. Kaeni upande wa kushoto mkielekea Praha: baada ya Dresden reli hufuata mto Elbe katikati ya majabali. Fedha hapa ni koruna na si euro. Kadi inakubaliwa karibu kila mahali, kwa hiyo hakuna haja ya kubadili fedha kwenye vibanda vya stesheni.

*Vienna, usiku 3.* Safari ya saa nne. Bustani ya wanyama ya Schönbrunn ilianzishwa 1752, na gurudumu kubwa la Prater limekuwa likizunguka tangu 1897. Makumbusho ya taifa ya Austria, yakiwemo ya viumbe na ya ufundi, hayawatozi kiingilio walio chini ya miaka 19. Treni huwafikisha hadi uwanja wa ndege, kwa hiyo nunueni tiketi ya ndege ya kuingilia Brussels na kutokea Vienna. Kurudi mlikoanzia ili kupanda ndege ni siku iliyopotea.

Jumla ya muda wenu kwenye treni ndefu itakuwa kama saa 15 kwa wiki mbili.

Viza: hesabu ya usiku ndiyo inayoamua ubalozi

Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote 29 za eneo hilo, Uswisi ikiwemo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo. Anayetaka kuchepuka kwenda London kwa Eurostar atahitaji viza ya Uingereza pia, na viza yake ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kama atarudi bara.

Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa nchi mtakayoingia kwanza. Katika mfano wetu Ujerumani ina usiku sita, Köln na Berlin zikijumlishwa, kwa hiyo ubalozi ni wa Ujerumani ingawa ndege inatua Ubelgiji. Ndiyo sababu njia inatangulia viza: mkibadili usiku wa kulala huku na kule, huenda mkabadili na ubalozi.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini nafasi za miadi huisha haraka misimu ya likizo, basi anzeni mapema. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi, lakini kila mtoto, hata mchanga, ana fomu yake na pasipoti yake. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi na ihusu nchi zote mtakazopita. Ukaaji usizidi siku 90 ndani ya siku 180 zozote.

Maombi hufanywa katika nchi mnakoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Muscat huombea Oman. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen huzitembelea nyingine bila viza ndani ya siku hizo 90.

Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya idhini ya mzazi mwenzake, nakala ya pasipoti ya mwenzake huyo na vyeti vya kuzaliwa. Bibi au shangazi aliyechukua wajukuu au wapwa abebe idhini ya wazazi wote wawili. Karatasi hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana mipaka ndani ya Schengen haina vizuizi vya kudumu ila polisi hupanda treni kukagua. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu.

Pasi au tiketi moja moja?

Zipo pasi mbili zinazofanana kwa kazi na kutofautiana kwa mnunuzi. Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya, na Interrail ni ya wanaoishi Ulaya. Kinachoangaliwa ni makazi na wala si rangi ya pasipoti: Mkongomani anayeishi Brussels hununua Interrail, na dada yake anayetoka Lubumbashi kumtembelea hununua Eurail. Pasi ya nchi zote inafika nchi 33. Unanunua idadi fulani ya siku za safari ndani ya mwezi mmoja au miwili, na siku unayoitumia unapanda treni nyingi upendavyo hadi usiku wa manane.

Kwa familia, faida kubwa iko kwa watoto. Wenye umri hadi miaka 11 hupewa pasi bure wakiwa na mtu mzima mwenye pasi, watoto wawili kwa kila mtu mzima. Walio chini ya miaka 4 hawahitaji pasi. Kuanzia miaka 12 hadi 27 ni bei ya vijana, na kuanzia 60 ni bei ya wazee.

Msiinunue kabla ya kupiga hesabu. Gawanya bei ya pasi kwa idadi ya siku zake, upate gharama ya siku moja kwa mtu mzima mmoja. Kisha angalia bei ya tiketi ya kila treni kwenye tovuti ya shirika lenyewe: Deutsche Bahn kwa Ujerumani, ČD kwa Ucheki, ÖBB kwa Austria. Tiketi za mapema huwa nafuu sana miezi kadhaa kabla na hupanda kadiri siku inavyokaribia. Watoto nao wana nafuu huko. Ujerumani, walio chini ya miaka 15 husafiri bure na mtu mzima kwenye treni za masafa marefu, mradi wenye miaka 6 na zaidi waandikwe kwenye tiketi wakati wa kununua. Austria na Ucheki, walio chini ya miaka 6 ni bure.

Kwa njia kama hii, yenye treni nne tu na tarehe zinazojulikana, tiketi za mapema mara nyingi hushinda pasi. Pasi hushinda mkinunua mkiwa mmechelewa, mkiwa na safari ndefu nyingi, au mkitaka uhuru wa kuahirisha treni mtoto akiamka na homa. Tiketi ya bei nafuu hufungwa kwa treni moja: ukiikosa kwa kosa lako, fedha imekwenda. Kwa sababu hiyo hiyo, msilipie tiketi zisizorudishwa kabla viza haijatoka.

Tiketi si kiti

Hili huwashangaza waliozoea treni za SGR za Tanzania na Kenya, ambako tiketi huja na namba ya behewa na ya kiti. Ujerumani na Austria, tiketi ya kawaida hukuruhusu kupanda tu. Kiti hulipiwa kando, kwa euro chache kila mmoja. Msipolipia, familia ya watu watano yaweza kusimama au kutawanyika mabehewa matatu. Lipieni viti vya pamoja vyenye meza. Treni nyingi za ICE zina chumba kidogo cha wenye watoto wachanga, na treni za Railjet kati ya Praha na Vienna zina sehemu ya familia yenye skrini ya katuni. Vinajaa mapema.

Nchi nyingine kiti ni lazima: TGV za Ufaransa, Eurostar, treni za mwendo kasi za Hispania na za Italia. Wenye pasi, hata watoto wa pasi ya bure, hulipia nafasi hizo, na treni nyingi zimeweka kikomo cha nafasi za wenye pasi. Anayepanga kupitia Paris au Barcelona aweke gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Treni ya usiku ni chaguo jingine. European Sleeper ilianzisha treni ya Brussels na Berlin mwaka 2023, ikaifikisha Praha mwaka 2024. Familia inaweza kuchukua chumba kizima cha vitanda na kufunga mlango. Ila mtafika asubuhi na hoteli haitawapa chumba hadi alasiri, kwa hiyo ulizeni mapema kama mnaweza kuacha mizigo mapokezi.

Kwenye stesheni

Stesheni za SGR, za Dar es Salaam hadi Dodoma au Mombasa hadi Nairobi, zina ukaguzi wa mizigo na abiria huhimizwa kuwahi. Kwenye njia yetu hakuna lango: mnatoka barabarani, mnapanda hadi jukwaani, na tiketi inakaguliwa ndani ya treni. Eurostar ya London ndiyo yenye ukaguzi wa pasipoti na mizigo kabla ya kupanda.

Urahisi huo una bei yake. Treni inaweza kusimama dakika mbili au tatu tu, na haimsubiri mwenye kigari cha mtoto. Majukwaa ya Ujerumani yamegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, na ubao huonyesha behewa lenu litasimama kwenye herufi ipi. Simameni hapo kabla treni haijaingia. Mtu mzima mmoja apande kwanza, watoto wafuate, na mwingine afunge msafara. Someni pia bango la pembeni mwa behewa, maana treni nyingine hukatwa mbili njiani na kila nusu ikaenda kwake.

Jambo jingine ni majina. Liège huandikwa Luik au Lüttich kutegemea mmetokea wapi, Vienna ni Wien, na kuna Frankfurt mbili: ya mto Main na ya mto Oder, mpakani mwa Poland. Mji mmoja pia huwa na stesheni kadhaa. Brussels ina tatu kubwa, Kaskazini, Kati na Kusini, na treni za kimataifa hutumia zaidi ile ya Kusini, inayoandikwa Midi au Zuid. Berlin Hauptbahnhof ina majukwaa juu kabisa na chini kabisa ya jengo, na lifti zake hukusanya foleni.

Hakuna atakayewabebea mizigo, na mizani haipo. Kipimo ni kimoja: kila mtu abebe lake, na baba au mama abaki na mkono mmoja wa kushika mtoto. Sanduku dogo la magurudumu kwa kila mtu mzima linatosha, na nguo zifuliwe njiani.

Treni ikichelewa

Sifa ya Ujerumani kwa kushika saa haihusu tena treni zake. Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati, na njia kuu zinakarabatiwa kwa zamu, nyingine zikifungwa kwa miezi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua treni za moja kwa moja. Mkilazimika kubadilisha, msikubali dakika saba zinazopendekezwa na kompyuta. Programu ya DB Navigator ina sehemu ya kuweka muda wa chini wa kubadilisha treni, na familia iweke dakika 40 au zaidi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inawapa haki. Mkifika mkiwa mmechelewa dakika 60 hadi 119, mnadai asilimia 25 ya nauli. Kuanzia dakika 120, asilimia 50. Mkiwa na tiketi moja ya safari nzima na mkakosa treni ya pili kwa sababu ya ya kwanza, shirika lina wajibu wa kuwafikisha. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali zinaweza kuwanyima ulinzi huo.

Wanaosafiri likizo ya Desemba wajue kwamba ratiba za Ulaya nzima hubadilika katikati ya mwezi huo, na tiketi za baada ya hapo huchelewa kuuzwa. Jua la Berlin nalo huzama kabla ya saa kumi alasiri, basi mambo ya nje yawe asubuhi.

Chakula, choo na Jumapili

Ujerumani na Austria maduka mengi hufungwa Jumapili, isipokuwa ya stesheni kubwa. Nunueni Jumamosi, au mle stesheni. Kuleta chakula chenu ndani ya treni kunaruhusiwa kabisa: chapati na mayai ya kuchemsha vitawaokoa na bei za mgahawa wa treni. Vibanda vya kebabu viko kila mji, lakini si kila kibanda ni halali, kwa hiyo ulizeni. Vyoo vya stesheni hulipiwa, kwa kawaida euro moja hivi, na vya ndani ya treni ni bure.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka

- Hakikisheni upya saa za kila treni, kwa sababu ukarabati hubadilisha ratiba hata baada ya tiketi kununuliwa.
- Pakueni tiketi zote kwenye simu mbili tofauti, na mchapishe nakala moja.
- Andikeni majina ya stesheni kama yalivyo kwenye mbao za huko, pamoja na njia ya kutoka stesheni hadi hoteli.
- Andikeni namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi iliyo mfukoni mwa kila mtoto.
- Wafundisheni watoto kanuni moja na wairudie hadi waikariri: nikiachwa jukwaani, nasimama hapo hapo na kumwendea mfanyakazi wa stesheni, nikibaki ndani ya treni peke yangu, nashuka kituo kinachofuata na kusubiri jukwaani, mzazi atakuja kwa treni ya nyuma.